Kovu la Mama Lilikwenda Wapi?

Akina mama wenzangu, katika simu zetu nyingi zimo picha zilizoandikwa jina la studio katikati, kwa herufi nyeupe zinazoonyesha kilicho nyuma yake kama kitu kinachoonekana ndani ya moshi wa jikoni. Tunaletewa baada ya harusi, ubatizo au mahafali ya mtoto, ili tuchague tunazozipenda na kumalizia malipo. Wapiga picha wanaiita alama ya maji. Mimi nilikuwa nikiiona kuwa uchafu tu juu ya picha nzuri. Nitawasimulia jinsi tulivyoifuta usiku mmoja nyumbani kwangu, na kile kilichofutika pamoja nayo.

Desemba 2022 mdogo wangu wa mwisho alifunga ndoa hapa Iringa. Kamati ya harusi ilipatana na kijana mmoja mpiga picha kwa shilingi 350,000. Alipewa 200,000 za kutangulia, na 150,000 zilikuwa za kumaliziwa baada ya sherehe. Wale waliowahi kukaa kwenye kamati ya harusi wanajua yanayofuata. Sherehe iliisha, viti vya kukodi vikarudishwa, mweka hazina akasema mfuko umekauka, na kila ndugu akadhani ndugu mwingine atalimaliza lile deni dogo. Kijana alituma picha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, zote zikiwa na jina lake, akaandika kwa adabu kwamba akimaliziwa atatoa zilizo safi. Tukamshukuru sana kwa kazi nzuri. Akakumbusha mwezi wa pili. Akakumbusha tena kabla ya Pasaka. Halafu akanyamaza, nasi tukasahau.

Kati ya picha zile ilikuwapo moja ya mama. Amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mparachichi wetu, amevaa gauni la kitenge cha bluu lenye maua ya njano, anamcheka mtu ambaye haonekani pichani. Mama hakuwa na picha nyingine ya namna hiyo. Watu wa umri wake wakiona kamera hunyoosha mgongo na kukaza uso kama walioitwa kituo cha polisi. Picha zote za zamani tulizokuwa nazo zilikuwa za aina hiyo, pamoja na ile ya kitambulisho.

Mama alifariki Juni 2023, ghafla, kwa kiharusi. Ndugu zangu wakasema wewe ni nesi, umezoea, wewe shughulikia makaratasi. Hakuna anayezoea ya mama yake, lakini niliyashughulikia. Saa nne usiku mtu wa kuchapa ratiba ya ibada akapiga simu akitaka picha ya marehemu ili asubuhi kazi iwe tayari. Nikafungua simu, nikaiona ile ya chini ya mparachichi. Jina la studio lilikuwa limepita kuanzia bega moja, likavuka shingo, mpaka bega la pili.

Binti yangu wa pili, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kidato cha sita, alisema anaweza kuliondoa. Kisha akasita.

"Lakini mama, hii si ya yule kaka? Tulishamlipa?"

"Mwanangu, bibi yako amelala mochwari," nikamjibu. "Huu si wakati wa hayo."

Namba ya yule kijana ilikuwamo kwenye simu ile ile niliyoishika. Kumpigia kungechukua dakika mbili, lakini ningelazimika kutaja deni, na niliona aibu. Kufuta kulikuwa rahisi zaidi. Binti akapitisha kidole juu ya zile herufi, programu ikafikiri kidogo, na jina likatoweka kama chaki ubaoni. Nikasema safi, tukatuma.

Kesho yake, baada ya maziko, watu wakiwa wamekaa chini ya turubai, mama mdogo wangu aliyetoka Njombe kwa basi la alfajiri aliichukua ile ratiba. Akaisogeza karibu na macho, akaipeleka mbali, akaisogeza tena.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

"Ni mama, mama mdogo."

"Dada yangu huyu? Na kovu lake mmelipeleka wapi?"

Waliokuwa karibu walidhani ni uchungu wa msiba unaomsemesha. Mimi niliangalia, na nikahisi baridi miguuni. Shingo ya mama ilikuwa nyororo kama ya msichana wa miaka ishirini.

Niwaeleze kidogo kuhusu kovu hilo. Mama alizaliwa nyanda za juu, mbali na bahari, mahali ambapo mvua za miaka mingi zimesomba madini joto katika udongo. Mwili ukikosa madini hayo, tezi ya shingo huvimba ikijaribu kufanya kazi yake, na hapo ndipo mtu hupata rovu. Siku hizi chumvi tunayonunua dukani inatakiwa kuwa imetiwa madini joto, na wasichana wengi wa leo hawalijui rovu. Wakati wa ujana wa mama halikuwa jambo la ajabu. La kwake lilikua mpaka likaanza kumbana pumzi, na mwaka 1984 akapasuliwa. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Mama mdogo ndiye aliyekaa nasi watoto muda wote mama alipokuwa wodini, akitupikia, akitudanganya kwamba mama amekwenda sokoni. Aliporudi alikuwa na mshono uliolala chini ya shingo kama uzi wa mkufu. Baadaye ukawa kovu, na kila alipofikiri jambo zito mama alilipapasa kwa kidole cha shahada. Alipenda kutusimulia habari za muuguzi aliyemshika mkono siku ya upasuaji. Habari hizo, kuliko ushauri wa mwalimu yeyote, ndizo zilizonipeleka chuo cha uuguzi.

Hilo ndilo lililofutwa kwa kidole usiku ule.

Nilitaka kuelewa lilifutikaje, maana akilini mwangu nilikuwa nimedhani kufuta alama ni sawa na kufuta vumbi kwenye kioo: unapangusa, na kilichokuwa nyuma kinaonekana. La hasha. Nieleze kwa lugha ya kazi yangu. Mgonjwa aliyeungua akipoteza ngozi ya mkono, daktari anaweza kuchukua ngozi ya paja na kuipandikiza pale. Jeraha linafunikwa, lakini ngozi ile ni ya paja hata kama imekaa mkononi. Mafundi wa picha wana zana inayofanya hivyo hivyo. Imekuwamo kwa miaka mingi katika programu ya Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990. Fundi anaonyesha mahali pazuri pa kuchukulia, mfano kipande cha ukuta au shavu, kisha anapaka nakala yake juu ya mahali asipopataka. Mwaka 2010 programu hiyo ilipewa uwezo wa kuchagua yenyewe vipande vya kujazia, kwa kuangalia kinachozunguka pengo. Programu za simu za leo zinakwenda mbali zaidi. Zimefundishwa kwa picha nyingi mno, nazo zinabuni kile kinachoelekea kuwapo. Shingo nyingi za wanadamu hazina kovu, basi programu ikambunia mama shingo isiyo na kovu. Nilipochunguza zaidi nikaona na maua ya kitenge yamevurugika begani. Ua moja lilikuwa na petali zisizohesabika.

Wapo watakaoniambia kwamba alama nyingine huondolewa pasipo kubuni. Ni kweli, na ni vizuri kujua sababu yake. Alama inayoonyesha kilicho nyuma yake haijaziba picha yote. Kila kitone cha rangi pale ni mchanganyiko wa picha na alama, kama chai iliyotiwa maziwa. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya Google walionyesha kwamba kompyuta ikipewa picha nyingi zenye alama ile ile, inaweza kupata umbo la alama kwa kutazama kile kisichobadilika katika picha zote, kisha ikaitoa na kuirudisha picha karibu na ilivyokuwa. Walitoa habari hiyo ili wenye picha wajihadhari, wakashauri alama iwe inapindishwa kidogo kwa namna tofauti katika kila picha. Lakini programu iliyokuwa kwenye simu ya binti yangu haikufanya hesabu za namna hiyo. Iliyatupa yote yaliyokuwa chini ya herufi, na yale machache yaliyokuwa bado yanaonekana, ikajaza ya kwake.

Jina lenyewe, alama ya maji, limetoka kwenye karatasi. Katika karne ya 13 watengenezaji karatasi wa mji wa Fabriano, Italia, walifunga waya mwembamba kwenye chujio la kutengenezea karatasi. Palipopita waya karatasi ilitoka nyembamba zaidi, na ukiiinua kwenye mwanga unaliona umbo. Noti zetu nazo zina alama ya namna hiyo, ndiyo maana wenye maduka huziinua juu kabla ya kuzitia mfukoni. Ile ya kwenye noti huwezi kuiondoa bila kuharibu noti. Ya kwenye picha imelala juu juu tu, nayo inategemea sana uungwana wa anayeletewa.

Turudi kwenye msiba. Siku ya kuanua matanga tulikaa na shangazi kusoma daftari la rambirambi ili tujue wa kuwashukuru. Ukurasa wa tatu nikakuta jina la yule kijana, na mbele yake shilingi 20,000. Kumbe alikuwapo. Alikuwa amekaa kwenye ibada akiwa ameshika karatasi yenye picha aliyoipiga mwenyewe, ikiwa imefutwa jina lake, na sisi tukiwa na shilingi 150,000 zake, kisha akapanga foleni akatoa pole.

Sikulala vizuri usiku huo. Wodini kwetu tuna kanuni moja ambayo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anafundishwa. Ukikosea kuandika kwenye faili la mgonjwa, husugui, hupaki rangi nyeupe juu yake. Unapiga mstari mmoja ili yale ya mwanzo yaendelee kusomeka, unaandika sahihi, unatia saini na tarehe. Nimewasimamia wauguzi wadogo kwa sababu ya jambo hilo mara nyingi, na wakati mwingine kwa ukali. Sasa mimi mwenyewe, nyumbani kwangu, nilikuwa nimesugua.

Nikaenda benki, kisha nikaenda studio kwake. Ni chumba kimoja karibu na stendi, kina kompyuta, mashine ya kuchapia, na pazia la bluu la kupigia picha za pasipoti. Alinyanyuka aliponiona.

"Shikamoo, sista. Poleni sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Nimekuja kwa jambo la aibu."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza akitazama chini, akasema aliijua picha yake tangu mlangoni mwa kanisa, lakini msibani hapasemwi mambo ya fedha. Nikamhesabia 150,000 mezani. Nilitaka kuongeza zile 20,000 alizotoa, akazirudisha mkononi mwangu, akasema hizo alimpa mama wala si mimi.

Kisha nikauliza lile nililokuwa nikiliogopa tangu nyumbani. Bado anayo ile picha ya asili? Akasema kwa kawaida hutunza kazi miezi sita tu, kwa sababu picha za harusi moja hujaza nafasi kubwa kwenye diski, na wateja wasiolipa hawawezi kumnunulia diski nyingine. Sisi tulikuwa tumepita miezi sita na wiki moja. Akafungua kompyuta. Akafungua faili moja, halimo. La pili, halimo. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kama wanavyoshika ndugu wa mgonjwa wanaosubiri majibu ya kipimo. Akachomoa diski nyingine kutoka kwenye droo, akaichomeka, akasubiri.

Mama akatokea kwenye kioo kizima cha kompyuta, mkubwa, anacheka. Kovu lilikuwapo. Niliweza kuona hata vitundu vidogo vya ule mshono wa mwaka 1984, ambavyo kwenye simu havikuwa vikionekana kamwe.

Kijana akanisimulia kitu ambacho sikukijua. Akina mama wengi humwomba awalainishe uso kabla ya kuchapa, awaondolee chunusi, mikunjo na mabaka, naye hufanya, ni sehemu ya kazi. Siku ile ya harusi, alipomaliza kumpiga, mama alimwita akamwambia, "Mwanangu, usije ukanifanya msichana." Ndiyo maana hakugusa kitu.

Tuliongea muda mrefu, na mengine aliyonieleza yanaweza kuwafaa na ninyi. Unapopatana na mpiga picha, muulize atatunza picha zako kwa muda gani, na muandikiane. Picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na ubora, kwa hiyo hata ile isiyo na alama haifai sana kuchapwa kubwa. Omba faili lenyewe kwenye flashi, au litumwe kama hati, kisha liweke mahali pawili, maana simu huibiwa na flashi hupotea kwenye mikoba yetu. Na kama fedha haijatimia, sema haijatimia. Aliniambia kwamba ningempigia usiku ule wa msiba angetuma picha safi bila kuuliza deni. Nilimwamini, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Sheria nayo iko upande wake. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja picha miongoni mwa kazi zinazolindwa, na mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliofanywa chini ya WIPO mwaka 1996 unazitaka nchi wanachama ziwe na sheria dhidi ya wanaoondoa taarifa za mwenye kazi kwenye kazi yake. Ninaitaja kwa sababu hata kwaya yetu ilikuwa karibu kuingia kwenye shimo hilo. Tulipopanga kalenda ya kuchangia ukarabati wa jiko la kanisa, mmoja wetu alileta picha ya mlima mzuri aliyoitoa kwenye intaneti, amekwisha kufuta jina la mwenyewe. Nilieleza habari za shingo ya mama yangu, na kalenda ikatoka na picha ya mlima wetu wenyewe, iliyopigwa na mwanakwaya mmoja kwa simu. Haikuwa nzuri kama ile ya kwanza, lakini iliuzika.

Sisemi kwamba kila kufuta ni kosa. Picha ni yako, umeilipia, kuna doa la chai au mkunjo wa karatasi, mwite fundi au mwanao afute. Ila hata hapo msiwe na haraka. Kamera za miaka ya tisini zilikuwa zikichapa tarehe kwa rangi ya machungwa pembeni. Binti yangu aliwahi kuifuta kwenye nakala ya picha ya kipaimara ya kaka yangu ili ipendeze, na ile ya asili ikaja kuliwa na panya. Mpaka leo familia inabishana kama ulikuwa mwaka 1993 au 1994, na kila mtu ana ushahidi wake.

Tulichapa upya ratiba ndogo kwa ajili ya ibada ya shukrani. Chini ya picha, kwa herufi ndogo, tuliandika jina la aliyeipiga. Yeye hakuomba. Binti yangu ndiye aliyeliandika, na safari hii hakuniuliza.

Ile kubwa niliitia kwenye fremu nikampelekea mama mdogo Njombe kwa mkono wangu. Alikaa nayo mapajani muda mrefu pasipo kusema. Akapitisha kidole juu ya kioo, pale shingoni, kutoka upande mmoja mpaka wa pili, kama mama alivyokuwa akifanya. Halafu akauliza maandishi madogo yaliyo pembeni ni ya nani. Nikamsimulia.

Mwezi uliofuata kondakta wa basi alinipigia simu nikachukue mzigo stendi. Lilikuwa gunia la maparachichi, na kwenye gunia imeshonewa karatasi ya daftari: nusu yenu, nusu ya mpiga picha.